Njia Nne Mpaka Tengeru, na Swali la Matunzo

Barabara ya njia nne inayoanzia Sakina, ikapita Mianzini, Sanawari na Ngulelo, ilijengwa ikakomea Tengeru. Urefu wake ni kilomita 14.1. Aliyewahi kusafiri kati ya Moshi na Arusha kabla ya ujenzi huo anaikumbuka foleni ya asubuhi ya kuingia mjini: daladala zikibanana na malori ya Namanga, na matenga ya nyanya yakipigwa jua juu ya pikapu. Machi 2016 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walifika papa hapa Tengeru kuzindua ujenzi wa barabara ya Arusha, Holili, Taveta mpaka Voi, ambayo kipande hiki ni sehemu yake. Benki ya Maendeleo ya Afrika ndiyo iliyokopesha. Julai 2022 wakuu wa nchi wakafungua na barabara ya mchepuo, kilomita 42.4, inayotokea Ngaramtoni na kuibukia Usa River ili malori ya masafa marefu yasikatize katikati ya jiji.

Fedha zinazogeuka lami, madaraja, mitambo, mabomba na majengo ndizo watakwimu wetu huziandika chini ya kichwa cha ukuzaji rasilimali. Kila mwaka kitabu cha Hali ya Uchumi wa Taifa hutoa jumla yake, na wachumi huilinganisha na Pato la Taifa ili kujua nchi inatumia kiasi gani kwa kula na kiasi gani kwa kujenga. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 sehemu ya kujenga ilikuwa chini ya robo ya Pato la Taifa. Miaka ya karibuni imevuka theluthi, wakati wastani wa nchi za Afrika kusini mwa Sahara haufiki robo. Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 limo ndani ya hesabu hiyo. Reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, imo. Kilomita 14.1 za Sakina hadi Tengeru nazo zimo.

Ni mafanikio, na nayasema kwa moyo mweupe. Taifa linalojenga kidogo kwa miaka mingi huwa linakula mbegu. Lakini nimeitazama Tengeru kwa muda, na kadiri ninavyoitazama ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba takwimu hii tunayojivunia inaeleza nusu tu ya habari. Yenyewe ni hesabu ghafi. Inarekodi siku mkandarasi alipolipwa, haitoi uchakavu wa kile kilichojengwa jana na juzi. Daraja jipya linaongeza tarakimu. Daraja la zamani linalobomoka polepole halipunguzi kitu. Mtu akisoma jumla hiyo pekee anaweza kudhani kila kilichojengwa bado kipo na kinafanya kazi.

Historia yetu inajua zaidi. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 Serikali ndiyo iliyokuwa mjenzi mkuu wa nchi. Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano ulianza 1969, reli ya TAZARA yenye kilomita 1,860 ikakamilika 1975, na viwanda vya nguo, ngozi, viatu na zana vikasimama mkoa baada ya mkoa. Arusha ilipata General Tyre, kiwanda cha matairi ambacho Serikali ilimiliki asilimia 74 ya hisa. Ukipima kwa kiasi cha fedha kilichozamishwa, miaka ya 1970 ilikuwa ya neema. Kisha mafuta yakapanda bei, Jumuiya ya kwanza ikavunjika 1977, vita vya Kagera vikaja, na fedha za kigeni zikakauka. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 viwanda vingi vilikuwa vinafanya kazi kwa chini ya theluthi ya uwezo wake. Mashine zilikuwepo. Zilizokosekana ni spea, malighafi na umeme wa uhakika. Kiwanda cha Viatu Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, hakikuwahi hata kukaribia uzalishaji uliopangwa. General Tyre ilidumu kuliko vingi, nayo ikasimama kabla ya 2010, na tangu hapo mipango ya kuifufua imetangazwa zaidi ya mara moja.

Barabara zilipita njia hiyo hiyo. Miaka ya 1970 na 1980 tulijenga na kuacha. Ulipoanza Mpango Unganishi wa Barabara mwaka 1990, sehemu ndogo tu ya mtandao wa nchi ilikuwa katika hali nzuri. Barabara isiyozibwa viraka kwa wakati huingiza maji chini ya mkeka wa lami, tabaka la kokoto hulegea, na baada ya misimu michache ya masika hakuna kiraka kinachofaa tena. Inabidi ifumuliwe na kujengwa upya kwa gharama kubwa mara nyingi zaidi. Tuliikopea barabara mara mbili. Kutokana na uchungu huo ndipo ilipotungwa sheria ya Mfuko wa Barabara mwaka 1998, kwamba sehemu ya fedha inayolipwa kwenye kila lita ya mafuta itengwe kwa matengenezo, na TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, ikaundwa mwaka 2000. Kwa maoni yangu hiyo ni miongoni mwa hatua za maana kuliko zote katika historia ya uwekezaji wa nchi hii, ingawa hakuna aliyekata utepe siku hiyo.

Turudi sokoni. Soko la Tengeru hufurika Jumatano na Jumamosi. Ndizi mshale hushuka kutoka Akheri na Nkoaranga, maparachichi kutoka Poli, vitunguu, karoti, kabichi na nyanya kutoka kila upande, na mitumba hutandazwa hadi pembezoni. Jioni, wafanyabiashara wanapofunga, maganda ya njegere, majani ya kabichi, nyanya zilizopondeka na mifuko ya plastiki hubaki chini. Mvua ikinyesha usiku, uchafu huo hutafuta mtaro. Mtaro wa barabara kubwa ni wa saruji, umepimwa vizuri, una mteremko wa kutosha. Lakini ukishaziba kwenye kalavati moja tu, maji hupanda juu na kutembea kwenye lami, na lami hailali na maji. Kuuzibua kunahitaji koleo, toroli, vijana wachache na mtu mwenye wajibu wa kuwaambia waje asubuhi. Hapo ndipo maswali yanapoanza: mtaro huu ni wa barabara kuu, uchafu ni wa soko, ushuru wa soko unakusanywa na halmashauri, na kijana mwenye koleo hajui bosi wake ni nani. Mradi uliopangwa kwa miaka, ukasimamiwa na wahandisi washauri na kukaguliwa na benki ya kimataifa, unaweza kudhoofishwa na jambo ambalo halikupewa mwenyewe.

Panda sasa kuelekea mlimani, uache lami. Barabara za Nkoanrua na Akheri ni za udongo mwekundu wa Meru, ule unaoteleza kama sabuni wakati wa masika. Huko mtunzaji ni TARURA, wakala ulioanzishwa 2017 na kukabidhiwa mtandao ambao sasa unazidi kilomita 144,000 nchi nzima, karibu mara nne ya ule wa TANROADS. Kwa muda mrefu mgawo wa Mfuko wa Barabara ulikuwa asilimia 70 kwa barabara kuu na za mikoa, na 30 kwa zote zilizobaki. Mwaka 2021 Bunge likaongeza shilingi 100 kwenye kila lita ya mafuta kwa ajili ya barabara hizo za chini. Wengi tulinung'unika kwenye vituo vya mafuta; mimi naona zilikuwa fedha za haki. Maziwa anayouza mama mfugaji wa Nkoanrua yakichelewa saa mbili kwenye tope hayanunuliki, na njia nne za Sakina haziwezi kumsaidia kabla hajazifikia.

Tengeru ina majengo yanayofundisha somo jingine. Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza 2011, imekaa kwenye eneo lililokuwa makao ya CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini kilichoundwa kwa sheria ya 1981. Wapangaji wa wakati ule waliona plau, mikokoteni na mashine za kupura zikitoka Tengeru kwenda nchi nzima. Leo mahali pale wanafunzi wanasomea shahada za uzamili na uzamivu, na miongoni mwa kazi zao ni kutafuta namna ya kuondoa madini ya floraidi kwenye maji ya ukanda huu. Mjini kwenyewe, majengo ya kituo cha mikutano cha AICC yalikusudiwa kuwa makao ya Jumuiya iliyovunjika kabla hayajazoeleka, kisha yakawa ya mikutano, na kuanzia katikati ya miaka ya 1990 yakahifadhi Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya Rwanda. Jengo zuri lililotunzwa hupata kazi nyingine hata mpango wake wa kwanza ukifa. Lililotelekezwa haliwezi kuokolewa na mpango wowote.

Kazi ya CAMARTEC ninayoipenda zaidi iko chini ya ardhi. Ni mtambo wa gesi ya samadi: kuba la matofali na saruji lililozikwa uani, jirani na zizi. Asubuhi mwenye nyumba huchanganya samadi na maji kwenye karo la kuingizia, anakoroga kwa mti mpaka mabonge yaishe, anafungua kizibo, uji ule unashuka. Gesi hukusanyika juu ya kuba na kupita kwenye bomba jembamba hadi jikoni. Samadi iliyokwisha toa gesi hutokea upande wa pili na kuelekezwa kwenye migomba. Muundo huo ulisambazwa tangu miaka ya 1980 kwa ushirikiano na Wajerumani, na ulipoanza mpango wa kitaifa wa gesi ya samadi mwaka 2009 ulitumika tena baada ya kurekebishwa. Nyumba za Meru, zenye ng'ombe wawili watatu wanaolishwa zizini kwa sababu ardhi ni finyu, zilikuwa mahali pake hasa.

Kuba lililojengwa vizuri hudumu miaka mingi. Kinachokufa ni vitu vidogo: koki inayovuja, bomba lililojaa maji ya mvuke kwa sababu hakuna aliyeambiwa kuyamwaga, jiko lililopata kutu, ng'ombe aliyeuzwa kulipia ada ya shule. Spea ya shilingi elfu kadhaa ikikosekana dukani Tengeru, mtambo wa mamilioni unageuka shimo. Kitaifa mtambo huo ulishahesabiwa tangu siku ya kwanza. Jikoni, mama amerudi kwenye kuni.

Kuna rasilimali nyingine ya Tengeru ambayo watu wengi wasingeihesabu kabisa. Kituo cha utafiti wa mazao ya bustani, ambacho leo ni TARI Tengeru, kilitoa mwaka 1997 aina ya nyanya iitwayo Tengeru 97. Ilienea mikoa mingi kwa sababu ngozi yake ngumu huvumilia safari ya lori, na wakulima wengi waliipanda bila kujua Tengeru iko wapi. Kanuni za kimataifa za hesabu za taifa za mwaka 2008 zinaelekeza utafiti uhesabiwe kuwa uwekezaji sawa na jengo. Ni sahihi kabisa. Mbegu ile ilitokana na vitalu, vyumba vya baridi, mishahara ya watafiti na uvumilivu wa misimu mingi. Lakini utafiti ni dhaifu kuliko barabara: umeme ukikatika kwenye chumba cha mbegu na jenereta halina dizeli, kinachopotea hakirudi kwa mkopo wa mwaka ujao.

Nimeacha kwa makusudi kitu kikongwe kuliko vyote. Kabla ya Wajerumani, kabla ya reli ya Tanga kufika Arusha mwaka 1929, Wameru walikuwa wamechimba mifereji kutoka mito ya mlimani na kuyapeleka maji kwenye migomba na mashamba yao. Mfereji hauna saruji mahali pengi. Ni mkato kwenye ubavu wa mlima, wenye mteremko mdogo uliopimwa kwa jicho na kwa maji yenyewe, na banio la mawe na magogo kwenye mto. Kila masika mafuriko hulibomoa banio, tope hujaa, mizizi huingia. Kwa hiyo mfereji unaishi kwa sababu kila mwaka unajengwa tena. Wenye zamu ya maji hutoka na majembe siku iliyotangazwa, kila mtu na kipande chake. Asiyetokea hutozwa faini, na asiyelipa faini hukosa zamu. Kuna kamati, kuna mwenyekiti wa mfereji, kuna ugomvi mkali wakati wa kiangazi baina ya walio juu na walio chini, na siku hizi kuna kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani na mashamba makubwa yanayotaka maji yale yale. Sisemi mfereji ni wa haki daima. Wanawake wamekuwa wakilima kwa maji ambayo vikao vyake viliendeshwa na wanaume, na walio mwisho wa mfereji mara nyingi hupata matone. Hata hivyo pale jambo moja lilitatuliwa mapema: anayetumia anajulikana, anayetunza anajulikana, na mara nyingi ni mtu yule yule.

Reli iliyofika 1929 iliishi kwa utaratibu mwingine. Treni ya abiria ilipoacha kuja Arusha, majani yalifunika mataruma kwa karibu miaka 30, na aliyeishi kando yake hakuwa na sababu wala mamlaka ya kuyafyeka. Oktoba 2020 treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ikaingia Arusha tena na watu wakajaa kuipokea. Ufufuaji ule uliingia kwenye vitabu kama uwekezaji, na kwa kiasi kikubwa ulikuwa ni kulipa kwa mkupuo deni la matunzo ya miaka 30.

Kwa upande wa shule na zahanati, nchi imezoea mtindo wa wananchi kuchanga mawe, mchanga na nguvu kazi, kuinua boma hadi kwenye lenta, kisha kusubiri Serikali iezeke. Maboma mengi yamesubiri miaka. Mwaka 2021 tuliona kinyume chake: mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na ndani ya miezi michache madarasa 15,000 yakajengwa nchi nzima. Ilithibitika kwamba tukiamua, tunajenga haraka. Darasa hilo hilo linahitaji mwalimu, dawati, kitasa kinapovunjika, na rangi baada ya miaka mitano. Hayo hutoka kwenye fungu la matumizi ya kawaida, fungu ambalo hukatwa kwanza mambo yanapobana na ambalo hakuna mfadhili anayegombea kuliandika jina lake.

Mradi wa maji wa Arusha unaonyesha ukubwa wa deni linalokuja. Kwa takriban shilingi bilioni 520, lengo likiwa kupandisha uzalishaji kutoka lita milioni 40 hadi milioni 200 kwa siku, visima virefu vilichimbwa upande wa Hai, mbali na maji yenye floraidi nyingi. Watoto wa Arusha na Meru wenye meno ya kahawia wanajua mradi huo una maana gani. Maji hayo, hata hivyo, hayashuki yenyewe kama ya mfereji. Yanasukumwa kwa pampu, pampu zinakula umeme kila saa, na siku moja zitachakaa zote kwa pamoja kwa sababu zilinunuliwa kwa pamoja. Fedha za kuzibadilisha zinapaswa kuanza kuwekwa sasa, mashine zikiwa bado nzima. Hivyo hivyo kwa uwanja wa mpira unaojengwa Olmoti kwa ajili ya AFCON ya 2027, wenye viti 30,000: mashindano yatakwisha kwa wiki chache, nyasi zitaendelea kukua.

Julai 2025 nchi ilizindua Dira ya 2050, yenye lengo la uchumi wa dola trilioni moja. Hatutafika bila kujenga zaidi ya tunavyojenga leo. Ombi langu ni kwamba kila mkataba wa ujenzi uambatane na ukurasa mmoja unaotaja kwa jina ofisi itakayotunza, kiasi kitakachohitajika kila mwaka kwa miaka kumi ya kwanza, na chanzo chake. Mbio za Mwenge, zinazozindua miradi mamia kila mwaka, zitengewe siku za kukagua iliyozinduliwa miaka mitano nyuma, na matokeo yasomwe hadharani kama yanavyosomwa majina ya miradi mipya. Hesabu za taifa nazo ziuweke uchakavu karibu na ukuzaji rasilimali, ukurasa ule ule, kwa Kiswahili anachoelewa diwani.

Nawe msomaji una nafasi yako. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau mara moja kila miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe mbele ya wananchi. Nenda. Wakimaliza kusoma orodha ya miradi mipya, simama uulize fungu la matengenezo ya ile ya zamani ni shilingi ngapi, na nani anawajibika nalo. Wakikosa jibu, uliza tena mkutano ujao.